Bastola ya Marehemu Mzee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nilipostaafu ufundi wa silaha na kurudi nyumbani Malindi, ni nadra mwezi kwisha bila mtu kunibishia hodi akitaka kuzungumza habari za bastola. Wengi wao hawana bastola yoyote. Walicho nacho ni hadithi ya bastola, pengine pamoja na picha ya baba aliyesimama mbele ya Land Rover akiwa na ala ya ngozi kiunoni. Wachache ni wamiliki wenye vyeti halali, na hao huja kwa sababu chuma walichokinunua kwa ajili ya ulinzi wa duka au shamba kimegeuka kuwa kitu wasichoweza kuachana nacho. Maswali yao yanafanana mno, kuanzia huku Malindi hadi Lamu, nami nimeona ni heri niyajibu kwa maandishi.

Bastola ya nusu otomatiki ni ipi, na inatofautiana vipi na rivolva?

Rivolva huweka risasi zake katika gurudumu linalozunguka nyuma ya mtutu, na kila inapofyatuliwa tundu jingine husogea mbele ya nyundo. Bastola ya nusu otomatiki huzipanga risasi ndani ya magazini, ambayo kwa kawaida huchomekwa ndani ya kishikio. Risasi ya kwanza inapotoka, teke lake huisukuma nyuma slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza, na ganda tupu hutemwa nje. Kisha springi huirudisha slaidi mbele, nayo huichukua risasi inayofuata na kuiingiza kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu. Kifyatulio huvutwa mara moja kwa kila risasi, na hiyo ndiyo sababu ya kuitwa nusu otomatiki badala ya otomatiki kamili.

Ninaanza na jambo hili kwa kuwa nusu ya hadithi ninazoletewa huwa zinahusu rivolva. Maofisa wengi wa Kiingereza wa enzi za ukoloni walibeba rivolva za Webley, na mtu akiniambia kwamba silaha ya babu yake "ilikunjuka katikati kama mkasi", najua mara moja kwamba tunazungumzia Webley na kwamba ukurasa huu haumhusu sana.

Ni bastola zipi za zamani ambazo wamiliki huzipenda kupita nyingine?

Majina hayazidi saba au manane, na mabishano huwa juu ya ipi itangulie.

Inayotajwa kwanza karibu kila mara ni Colt ya 1911. Iliundwa na Mmarekani John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki wa mji wa Ogden katika jimbo la Utah, baada ya jeshi la Marekani kugundua katika vita vya Ufilipino kwamba rivolva zake zilikuwa dhaifu. Katika majaribio ya Machi 1911 bastola hiyo ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, na ilipopata moto kupita kiasi walikuwa wakiitumbukiza kwenye maji na kuendelea. Ilibaki kuwa bastola rasmi ya jeshi hilo hadi mwaka 1985. Ni nzito, yapata kilo moja na zaidi ikiwa tupu, na magazini yake hubeba risasi saba tu, lakini wanaoipenda huuhesabu uzito huo kuwa ni fadhila, kwa sababu mkono haupati shaka kwamba umeshika kitu.

Luger ya Kijerumani hupendwa kwa umbo lake kuliko kwa kazi yake. Georg Luger aliitengeneza kwa kuiboresha bastola ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893. Uswisi iliichukua kwa jeshi lake mwaka 1900, na jeshi la Ujerumani likaichukua mwaka 1908. Badala ya slaidi ina kiungo kinachojikunja juu kama goti kila inapofyatuliwa, na kishikio chake kimelala kwa pembe ambayo huufanya mkono uelekee shabaha bila kulazimishwa. Jina la risasi yake, Parabellum, limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "jiandae kwa vita". Mashine yake ni nzuri mno kuitazama, na kwa maoni yangu ni nyepesi mno kukerwa na mchanga. Fundi wa Malindi hawezi kuisahau kasoro hiyo, maana huku mchanga huingia hata kwenye birika la kahawa.

Mauser C96 ya mwaka 1896 haifanani na nyingine yoyote. Magazini yake ya risasi kumi iko mbele ya kifyatulio na haitoki. Kishikio chake cha mviringo kilifanya Waingereza waifananishe na mpini wa ufagio. Na ala yake ya mbao huchomekwa nyuma ya kishikio ikawa kitako, mtu akalenga kwa bega kama anayetumia bunduki. Winston Churchill, akiwa ofisa kijana, aliibeba katika vita vya Omdurman mwaka 1898 kwa sababu bega lake lilikuwa limeumia na hakuweza kuutegemea upanga.

Walther PP ya mwaka 1929 na ndugu yake mdogo PPK aliyefuata muda mfupi baadaye hupendwa na watu wasiotaka silaha yao ionekane chini ya kanzu au koti. Tokarev na Makarov za Kirusi zina wapenzi wao, hasa miongoni mwa waliopata kufanya kazi Somalia au Ethiopia. Kisha iko Ceska, ambayo kwa Mkenya ni zaidi ya jina la kiwanda, kwani magazeti yetu yameliandika mara nyingi kiasi kwamba watoto hudhani kila bastola ni Ceska. Mfano wake mashuhuri, CZ 75, ulitoka mwaka 1975 mikononi mwa ndugu wawili wa ukoo wa Koucký katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia, na wenye kuupenda husema kwamba hakuna kishikio kingine kilichokatwa kuufuata mkono wa binadamu namna ile. Sina la kubisha.

Yangu mimi ni Browning Hi-Power. John Browning aliianza, lakini alifariki mwaka 1926 katika kiwanda cha FN karibu na Liège, Ubelgiji, kabla haijakamilika, na Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimaliza hata ikatoka mwaka 1935. Magazini yake ilibeba risasi 13 wakati ambapo nyingine zilibeba saba au nane. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliendelea kuitengeneza katika kiwanda walichokiteka, huku kampuni ya John Inglis ya Toronto, Kanada, ikiwatengenezea Wachina na Waingereza, kwa hiyo bastola moja ikabebwa na pande zote mbili za vita. Waingereza waliendelea nayo kwa miongo mingi, na hiyo ndiyo niliyojifunzia kazi. Naweza kuifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo wajukuu wangu hulifurahia kulisikia na mama yao hapendi lisimuliwe.

Kwa nini mtu mzima aipende silaha kiasi cha kutoa machozi?

Nitajibu kwa kueleza nilichokiona. Bibi mmoja wa mtaa wa Shela hapa Malindi alifiwa na mumewe, ambaye alikuwa na cheti na alimiliki Walther kwa zaidi ya miaka 30. Bastola ilikabidhiwa polisi kwa utaratibu, naye hakuilalamikia hata kidogo. Alichokiomba ni ile ala ya ngozi. Nilipomtembelea kumpa pole aliitoa kabatini, akaifungua kifuniko, akaniambia niinuse: tumbaku, mafuta ya cherehani, na udi kidogo uliopenya kutoka kwenye kanzu. Kwenye ukingo wa kifuniko palikuwa na alama nyeusi inayong'aa, mahali ambapo kidole gumba cha marehemu kilikuwa kikipita kila jioni alipoivua na kuiweka kwenye sefu. "Ami," akaniambia, "hapa ndipo alipokuwa akisema amefika nyumbani."

Jambia la babu lina heshima hiyo hiyo katika nyumba za Lamu, na hakuna anayeuliza kama familia inapenda kuchoma watu. Chombo kinachokaa mwilini mwa mtu miaka mingi huchukua umbo la mwili wake. Vibao vya kishikio husagika upande wa kiganja, buluu ya chuma hutoka pale kidole kinapopumzika, na mtu aliyemjua mwenyewe anaweza kuuona mkono wake humo. Naongeza tu kwamba wanaolia kwa ajili ya bastola ambayo haikuwahi kufyatuliwa ni wengi kuliko wanaolia kwa ajili ya iliyofyatuliwa. Iliyofyatuliwa kwa mtu huwa na hadithi ambayo familia hainiletei.

Babu alisema bastola yake aina ya Mauser ilitoka kwa Wajerumani wa posta ya Lamu. Je, yawezekana?

Haiwezekani, na swali hili nimeulizwa mara nne na watu wanne tofauti.

Posta ya Wajerumani ilifunguliwa Lamu mwezi Novemba 1888, wakati walipokuwa na himaya yao Witu, ikafungwa mwishoni mwa Machi 1891 baada ya Ujerumani kumwachia Mwingereza pwani hii. Jengo lake limekuwa makumbusho. Mauser C96, kama jina lake linavyoonyesha, ilianza mwaka 1896, na Luger haikuwa imezaliwa. Mjerumani wa posta, kama alikuwa na silaha ya mkononi, alikuwa na rivolva.

Hata hivyo nawasihi watu wasiitupe hadithi ya babu kwa sababu ya tarehe. Mara nyingi hadithi huwa ya kweli katika sehemu moja na imepotoka katika nyingine. Njia iliyo karibu zaidi na akili ni Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo maofisa wa Kijerumani walipigana Tanganyika na nchi jirani kuanzia 1914 hadi waliposalimu amri Novemba 1918, na silaha zao zikasambaa mikononi mwa maaskari, wapagazi na manahodha kila upande. Babu aliyesema "Wajerumani" alikuwa akisema kweli. Aliyesikia ndiye aliyewaunganisha Wajerumani hao na wale pekee aliowafahamu, wa posta ya mtaani kwake. Andika matoleo yote mawili, lile la babu na lile la kalenda, na uyaweke pamoja.

Bastola ya Kiitaliano tuliyoachiwa ina mwaka, kisha herufi kama XVI. Maana yake ni nini?

Hiyo yaelekea kuwa Beretta ya mfano wa 1934, na katika mji wetu ndiyo yenye kisa kinachotuhusu zaidi. Utawala wa Mussolini ulihesabu miaka yake wenyewe kuanzia Oktoba 1922 na kuiandika kwa tarakimu za Kirumi. Ukiona "1938 XVI" karibu na jina la Gardone V.T., yaani mji wa Gardone Val Trompia ambako ukoo wa Beretta umekuwa ukifua mitutu tangu angalau mwaka 1526, unasoma kalenda mbili kwa wakati mmoja: ya watu wote na ya mtawala mmoja. Ya pili ilikoma mapema kuliko bastola yenyewe.

Ni bastola ndogo ya risasi saba, isiyo na mbwembwe. Chini ya magazini ina kipande kilichojitokeza mbele kama ukucha, cha kupumzishia kidole cha mwisho, na risasi zikiisha slaidi yake hushikiliwa wazi na magazini tupu tu. Ukiitoa magazini, slaidi hujifunga kwa kishindo. Walioishika bila kuijua wamebanwa vidole.

Watu hudhani kwamba kila Beretta iliyopatikana Malindi imeletwa na Waitaliano waliokuja kujenga nyumba na hoteli hapa miaka ya baadaye, au wale wa kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni. Bastola yenye tarakimu za Kirumi ina njia nyingine iliyo karibu zaidi. Mwaka 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu Malindi. Mwaka uliofuata majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwemo askari wa King's African Rifles, yalipita Somalia hadi Ethiopia, na Waitaliano walijisalimisha kwa makundi hadi ngome yao ya mwisho, Gondar, ilipoanguka Novemba 1941. Ofisa anayejisalimisha huvua ala ya kiunoni na kuiweka mezani. Kilichotokea baada ya hapo kwa kila ala hakikuandikwa na mtu, lakini si ajabu kwamba vijana wa pwani waliorudi kutoka vita vile walirudi na blanketi, medali, na mara nyingine kitu kilichofungwa ndani ya blanketi.

Je, ni kweli kwamba kampuni ya cherehani ilitengeneza bastola?

Ni kweli, na ni ile ile Singer ambayo jina lake limeandikwa kwa dhahabu kwenye cherehani nyeusi za mabaraza ya mafundi kutoka Lamu hadi Vanga. Vita vilipokaribia, jeshi la Marekani lilitoa oda ndogo za majaribio kwa viwanda vya kiraia ili lione kama vinaweza kuunda silaha, na mwaka 1941 Singer ikakabidhi Colt 1911 zipatazo 500. Kisha ikapewa kazi nyingine za vifaa vya usahihi, haikuendelea na bastola. Kampuni ya taipureta, Remington Rand, ndiyo iliyokuja kutengeneza nyingi kuliko wengine wote wakati wa vita hivyo. Kwa uchache wake, bastola za Singer zimeuzwa minadani Marekani kwa bei inayoweza kujenga nyumba ya ghorofa.

Swali linalofuata huwa kama zipo pwani yetu. Mimi nimeziona picha tu. Cherehani zake ninazo mbili.

Nitajuaje kama vipande vyote ni vya asili?

Tazama nambari. Kwenye Luger, kwa mfano, nambari kamili iko kwenye fremu, na tarakimu zake mbili za mwisho zimegongwa kwenye karibu kila kipande kidogo, hadi kwenye kizuizi cha usalama. Zikilingana zote, wenye kujua hufurahi sana. Kipande kimoja kikitofautiana, bei hushuka. Kwa mtu anayetaka kuuza, hilo ni jambo kubwa. Kwa mtoto wa marehemu halina uzito wowote, na pengine ni kinyume chake, kwa kuwa kipande kisicholingana ni ushahidi kwamba kuna siku kitu kilivunjika na mzee akahangaika kukitafutia badala yake.

Vibao vya kishikio ndivyo hubadilishwa zaidi. Nimewahi kuona Browning yenye vibao vya mpingo vilivyochongwa na seremala wa Lamu kwa nakshi ile ile inayochongwa kwenye milango, ua na mduara vikifuatana hadi chini. Mnunuzi wa Ulaya angeviita uharibifu. Mwenye bastola aliniambia kwamba akivitoa ataona kama ameshika bastola ya mtu mwingine.

Naweza kuisugua ili ing'ae kama mpya?

Usithubutu. Nilipokuwa kijana mwanafunzi wa ufundi nilipewa Beretta ya ofisa mmoja niisafishe, nami kwa bidii ya ujinga nikaisugua kwa msasa laini hadi ikawa nyeupe kama kijiko. Mwenyewe alipoipokea hakunigombeza. Aliigeuza mkononi mara mbili, akatafuta kwa kidole sehemu fulani ya slaidi, hakuipata, akairudisha kwenye ala bila kusema neno. Kuna alama niliyokuwa nimeifuta, na mpaka leo sijui ilikuwa alama ya nini.

Rangi ya buluu-nyeusi iliyo juu ya chuma si rangi ya kupaka. Ni kutu ya aina yake, iliyofugwa kwa dawa na moto ili iizuie kutu nyingine. Ukiiondoa umeondoa ngozi. Safisha kwa kitambaa laini cha pamba na mafuta mepesi, basi.

Hewa ya bahari inaiharibu? Tuitunze vipi?

Inaiharibu vibaya, kuliko watu wa bara wanavyoweza kuamini. Chumvi husafiri na upepo, na kipindi cha kusi unyevu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Kosa kubwa la wamiliki wengi ni kuihifadhi bastola ndani ya ala yake ya ngozi, wakidhani kwamba wanaiheshimu. Ngozi hunywa unyevu na kuukumbatiza chuma, na pale penye vifungo vya shaba huota kutu ya kijani inayokula kila kilicho karibu. Ala iwekwe rafu moja na bastola rafu nyingine.

Baada ya kuishika, ifute, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama ambazo kesho yake zitakuwa rangi ya chungwa. Mafuta ya cherehani yanafaa, kwa tone, si kwa kumwagia. Ndani ya sefu weka vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, uvibadilishe mara kwa mara. Sefu isigusane na ukuta wa mawe ya matumbawe, maana ukuta huo hupumua, na nyuma yake utakuta majimaji hata wakati wa kaskazi. Na kabla ya yote hayo magazini iwe imetolewa na chemba imetazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, kila mara, hata kama uliitazama jana.

Je, bastola ya miaka 80 yaweza kufyatuliwa?

Isifyatuliwe mpaka ikaguliwe na fundi aliyeidhinishwa. Springi huchoka, chuma hupata nyufa zisizoonekana, na risasi zilizokaa unyevuni haziaminiki.

Tumekuta bastola ndani ya sanduku la marehemu. Tufanye nini?

Iacheni ilipo. Msiijaribu, msiitoe kuipiga picha na watoto, wala msiipakie kwenye boti au matatu kuipeleka popote. Fungeni chumba, kisha mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi akiwa mikono mitupu, aeleze walichokiona, aandikishe na apewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, na polisi waje kuichukua wenyewe. Kuenda na msimamizi wa mtaa au wakili si vibaya.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka kila anayekaa na silaha au risasi awe na cheti, na vyeti hivyo vinasimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha. Usidhani kwamba uzee wa bastola au utukufu wa babu utakuwa utetezi. Hata wenye vyeti vya miaka mingi walitakiwa wahakikiwe upya kuanzia Desemba 2018. Kwa ndugu zetu wa Lamu nasema kwa msisitizo zaidi, kwa kuwa tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kaunti hiyo imeishi chini ya ulinzi mkali, na hakuna askari wa kizuizi cha barabarani atakayekaa kusikiliza kisa cha Gondar huku bastola ikiwa imefungwa kitambaani.

Sisi ni warithi watano. Bastola ni ya nani kwa sheria ya mirathi?

Katika kugawa urithi thamani yake huhesabiwa pamoja na mali nyingine, na kwa Waislamu hilo ni jambo la Kadhi. Lakini cheti ni cha mtu, si cha bastola wala cha ukoo, kwa hiyo marehemu hakuwaachia ruhusa aliyokuwa nayo. Mrithi anayeitaka ataomba cheti kwa jina lake na atapimwa kama mwombaji mwingine yeyote. Akikataliwa, hukumu ya Kadhi kwamba ni fungu lake haimruhusu kuishika. Nimeona ndugu wakigombana miezi sita juu ya bastola ambayo hakuna hata mmoja wao angepewa cheti chake. Ushauri wangu kwa mmiliki aliye hai ni kwamba amtaje mapema yule anayedhani anafaa, na amhimize aanze maombi wakati mzee mwenyewe yupo wa kuulizwa.

Tukiisalimisha, si itapotea kabisa?

Huenda. Silaha zinazosalimishwa na kukamatwa huharibiwa, na mwaka 2016 serikali ilichoma zaidi ya 5,000 huko Ngong kwa siku moja. Sitawadanganya kwamba Beretta yenu itakaa kwenye kioo cha makumbusho.

Ninachowaambia ni kwamba mengi mnayoyataka hayamo ndani ya chuma. Ala si silaha. Picha ya mzee akiwa nayo si silaha, wala cheti chake cha zamani, risiti ya duka, na barua aliyoandika akieleza alivyoipata. Mkiwa na kibali cha ofisa anayeipokea, ombeni apige picha pande zote mbili pamoja na maandishi yote, au myanakili kwa kalamu mbele yake. Kisha mketini na wazee waliobaki mwandike: aliipata wapi, mwaka gani, aliibeba wapi, alikuwa akiiweka wapi ndani ya nyumba, na alikuwa akifanya nini nayo jioni. Swali hili la mwisho ndilo hufungua midomo. Familia moja ya Mambrui iliniletea kurasa tisa, na katika hizo bastola yenyewe ilichukua ukurasa mmoja na nusu.

Thamani yake ya pesa ni kiasi gani?

Hapa kwetu, ndogo kuliko mnavyotarajia, kwa sababu wanaoruhusiwa kuinunua ni wachache na anayetaka silaha ya kujilinda atanunua mpya. Bei mnazoziona kwenye intaneti ni za minada ya Marekani na Ulaya, na kati ya minada hiyo na sanduku la Malindi kuna vibali vya kutosha kujaza sanduku hilo. Mtu yeyote atakayewajia barazani na kutaka kuinunua kwa fedha taslimu bila karatasi, mwambieni hamna bastola, kisha mwende mkaripoti.

Naweza kuja kukuonyesha?

Karibu baada ya swala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Njoo na picha, cheti, ala, na mzee anayekumbuka, ukimpata. Bastola iache kwenye sefu, na kama haina cheti, usipite kwangu kwanza. Kituo cha polisi kiko karibu zaidi na stendi kuliko nyumba yangu.